Je, Kilichogandishwa Kimebaki Vile Vile? Kupima Uthabiti wa Sampuli, na Somo la Hamira

Katika kufundisha mbinu za somo la sayansi tunakutana mara kwa mara na wazo moja ambalo wanachuo huja nalo kutoka nyumbani, nalo ni kwamba kitu kikigandishwa husimama. Nyama iliyomo katika friza haiozi, samaki hanuki, maziwa hayachachi. Kwa hiyo, husemwa, damu iliyogandishwa maabara leo itakuwa damu ile ile baada ya miaka 10. Wazo hili lisichekwe, maana nusu yake ni kweli. Nusu ya pili ndiyo yenye gharama. Daktari anayeamua tiba ya mgonjwa kwa kutazama kipimo cha sampuli iliyokaa katika friza miezi 6 huamini kwamba namba aliyoletewa ni ya mgonjwa. Ikiwa sampuli imebadilika humo ndani, namba hiyo ni ya friza, naye daktari hawezi kulitambua jambo hilo kwa macho. Sampuli iliyoharibika na sampuli iliyo nzima hufanana kwa rangi na kwa ugumu wa barafu yake.

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu mtarajiwa jinsi watu wa maabara wanavyolijibu swali hilo la uthabiti, na kisha kumwonyesha namna ya kulipeleka mbele ya watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi kwa kutumia hamira, unga na bilauri. Nimelichagua kwa sababu, kwa maoni yangu, ni somo linalofundisha maana ya ulinganisho katika jaribio vizuri kuliko majaribio mengi tuliyozoea, ambayo jibu lake mtoto amekwisha kulisoma kitabuni kabla hajashika chombo.

Kinachotokea kitu kinapoganda

Kabla ya yote, mwalimu na achunge lugha yake. Neno letu "kuganda" hubeba maana mbili: maji huganda yakawa barafu, na damu huganda kidonda kinapofunga. Katika somo hili tunazungumzia maana ya kwanza. Mwalimu asipolisema hilo mapema, nusu ya darasa itafikiri kwamba damu iliyogandishwa ni damu iliyofanya donge.

Mfano ulio bora wa kuanzia unauzwa nje ya lango la shule. Mtoto anayenunua barafu ya ubuyu huinyonya kwa nguvu, na katika minyonyo ya kwanza hupata utamu mwingi na rangi yote. Baadaye hubaki mkononi na barafu nyeupe isiyo na ladha. Kila mtoto analijua jambo hili, lakini ni nadra kuulizwa sababu yake. Sababu ni kwamba maji yanapoganda hujipanga katika fuwele, na fuwele hizo hazina nafasi ya sukari wala rangi. Maji husukuma kando vyote visivyokuwa maji. Sukari, chumvi na rangi hukusanyika katika vijifereji vyembamba baina ya fuwele, zikiwa katika maji machache yenye ukali mwingi. Mnyonyaji huvuta kwanza yale yaliyo katika vijifereji.

Jambo hilo hilo hutukia katika chupa ndogo ya seramu, yaani yale majimaji ya manjano yanayopatikana damu ikiisha kutenganishwa na chembe zake. Ndani yake mna chumvi, sukari, mafuta, protini na vimeng'enya. Inapogandishwa, maji hujitenga na vitu hivyo vyote husongamana pamoja katika mabaki ya maji yenye chumvi kali. Maji yenye chumvi ya kawaida peke yake hayagandi yote mpaka yafikie nyuzi 21 hivi za Selsiasi chini ya sifuri. Friza ya kawaida hukaa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa hiyo ndani ya kile tunachokiona kuwa jiwe la barafu, bado kuna mahali ambapo majimaji yapo, yakiwa na chumvi nyingi kupita kiasi, na ambapo vimeng'enya na protini vinaweza kuendelea kubadilika polepole.

Kuna pia nguvu za kawaida za kusukuma na kukata. Maji yakiganda hupanuka kwa kiasi cha asilimia 9. Mama wa nyumbani aliyesahau chupa ya soda katika friza hahitaji kuelezwa zaidi. Chembe hai ni kijifuko cha maji. Fuwele zikikua ndani au pembeni yake, ngozi yake huchanika. Ndiyo sababu nyanya iliyogandishwa ikiyeyuka hulegea na kumwaga maji mezani, na ndiyo sababu damu nzima haigandishwi hivi hivi, kwa kuwa chembe nyekundu hupasuka na kumwaga rangi na vitu vyake vyote katika seramu.

Aidha, si kila kitu hupenda baridi. Kimeng'enya kiitwacho laktati dehidrojenasi, ambacho hupimwa katika damu ili kujua kama viungo fulani vimeumia, kina aina zake ambazo hupoteza nguvu upesi zaidi zikiwekwa katika friji au friza kuliko zikiachwa siku chache katika joto la kawaida la chumbani. Mtunzaji mwenye nia njema anayekimbilia friza anakiharibu kwa kukitunza. Ningependa kila mwanachuo aukumbuke mfano huu siku atakapotaka kuandika ubaoni kwamba "baridi huhifadhi vitu".

Maabara kubwa hupunguza taabu hizi kwa kushuka chini zaidi. Zipo friza za nyuzi 80 chini ya sifuri, na yapo mapipa ya naitrojeni iliyogeuzwa kuwa majimaji, ambayo huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika baridi ya kiasi hicho karibu kila badiliko la kikemia husimama. Hata hivyo, safari ya kushuka na ya kupanda bado ni ya hatari. Mwaka 1949 Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, wakifanya kazi Mill Hill, London, walitangaza kwamba mbegu za jogoo zikichanganywa na gliserini huweza kugandishwa na kisha kuyeyushwa zikiwa hai. Ugunduzi huo ndio uliofungua njia ya kutunza mbegu za madume ya ng'ombe, kazi ambayo hapa kwetu hufanywa na Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kilichoko Usa River, Arusha. Na katika kazi ya namna hiyo haitoshi kusema kwamba pipa lina baridi. Mrija mmoja hutolewa, huyeyushwa katika maji ya vuguvugu, na tone lake hutazamwa kwa hadubini ili kujua ni sehemu gani ya mbegu bado inaogelea. Mfugaji anayengojea ndama amelipia mbegu zinazoogelea.

Uthabiti wa kitu gani?

Hapa ndipo wanachuo wengi hukwama, na ningeomba msomaji asome polepole. Sampuli moja haina uthabiti mmoja. Ina uthabiti mwingi, kila kitu kilichomo kikiwa na wa kwake. Swali "Je, sampuli hii bado ni nzuri?" halina jibu mpaka aulizaye aseme anataka kupima nini.

Chukua damu nzima iliyochotwa sasa hivi na kuachwa juu ya meza. Chembe zake bado ziko hai, nazo zinakula. Sukari iliyomo hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa, hivi kwamba mgonjwa mwenye sukari nyingi anaweza kuonekana hana shida, ati kwa kuwa sampuli yake ilisubiri gari. Ikiwekwa katika friji, ulaji huo hupungua, lakini chembe zilizopoa huanza kuvujisha potasiamu, na sasa ni potasiamu itakayoonekana nyingi kuliko iliyomo mwilini mwa mgonjwa. Friji ile ile imesaidia kipimo kimoja na kuharibu kingine.

Mfano ulio mkubwa zaidi unatoka kwa jirani zetu wa Kongo. Mwaka 1959, katika mji uliokuwa ukiitwa Léopoldville na ambao leo ni Kinshasa, watafiti wa mambo ya urithi walikusanya damu za watu. Mojawapo ilikuwa ya mwanamume mtu mzima. Sampuli zilitunzwa zikiwa zimegandishwa, bila mtu yeyote kujua kwamba siku moja zitatafutiwa ugonjwa ambao wakati ule haukuwa hata na jina. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba damu ya mtu yule ina kingamwili za virusi vya UKIMWI. Baada ya miaka 27, kingamwili, ambazo ni protini imara, zilikuwa bado zinajibu kipimo. Watafiti wengine wakataka zaidi: wakataka kuisoma chembe ya urithi ya kirusi chenyewe, ambayo ni mnyororo mrefu na mwepesi kukatika. Waliyoyapata, na kuyatangaza mwaka 1998, ni vipande vifupi vifupi tu. Hata vipande hivyo vilitosha kuonyesha kwamba kirusi kilikuwa kimeanza kuenea kwa binadamu miaka mingi kabla ya ugonjwa kutambulika mwaka 1981. Sampuli ilikuwa moja tu. Kwa kingamwili ilikuwa thabiti. Kwa mnyororo wa urithi ilikuwa imevunjika. Wala hakuna awezaye kurudi Léopoldville ya 1959 kuchota nyingine.

Jinsi upimaji unavyopangwa

Msingi wa kazi yote ni siku ya kwanza. Kitu kisichopimwa kabla ya kugandishwa hakiwezi baadaye kusemwa kimebadilika au hakikubadilika, kwa sababu hakuna cha kukilinganisha nacho. Kwa hiyo mpimaji hupima sampuli ikiwa mbichi, huandika namba hiyo, na kuifanya kuwa mia kwa mia. Kisha huigawa sampuli katika vichupa vingi vidogo, kila kimoja kikiwa na kiasi cha kutosha kupimwa mara moja tu. Hili la vichupa vingi si anasa. Mwenye chupa moja kubwa atalazimika kuiyeyusha na kuigandisha tena kila anapotaka kipimo, na kuyeyusha huko ndiko kunakoharibu kuliko kukaa. Mwenye vichupa 20 huyeyusha kimoja, hupima, hukitupa, na 19 hubaki bila kuguswa.

Vichupa hufunguliwa kwa zamu: labda baada ya wiki moja, mwezi mmoja, miezi 3, 6, 12 na kadhalika. Sambamba na hivyo, vichupa vingine hutengwa kwa jaribio la pili, la kugandisha na kuyeyusha kwa makusudi mara 1, mara 3, mara 5, ili kujua ni mara ngapi sampuli inaweza kustahimili. Maswali haya mawili, la muda na la idadi ya mayeyusho, yasichanganywe.

Kisha kuna suala la rula. Tuseme namba ya siku ya kwanza ilikuwa 100, na ya mwaka mmoja baadaye ni 92. Je, sampuli imepungua, au chombo cha kupimia kimebadilika katika mwaka huo, au dawa ya kupimia imenunuliwa nyingine, au mpimaji mwenyewe ni mwingine? Mwanachuo anayepima kimo cha mche leo kwa rula ya mbao na mwezi ujao kwa utepe wa fundi cherehani anaingia katika shimo hilo hilo. Maabara huliepuka kwa ujanja mmoja ambao naupenda sana. Vichupa vyote huwekwa kwanza katika baridi kali inayoaminiwa, kisha huhamishwa kimoja kimoja kwenda katika friza inayochunguzwa: kimoja miezi 12 kabla ya siku ya kupima, kingine miezi 6 kabla, kingine mwezi mmoja, na kimoja hakihamishwi kabisa. Siku ikifika, vyote hupimwa asubuhi moja, na mtu mmoja, kwa chombo kimoja. Rula ikiwa na kasoro, kasoro hiyo imewapata wote sawasawa.

Yapo mengine mawili ya kutaja kwa ufupi. La kwanza, kipimo cha kitu kile kile kikirudiwa mara mbili hakitoi namba ile ile kabisa. Kwa hiyo kila kichupa hupimwa zaidi ya mara moja, na mpimaji huamua mapema, kabla ya kuona majibu, ni tofauti ya kiasi gani ataihesabu kuwa badiliko. Akiamua baada ya kuona, ataamua lile linalompendeza. La pili linaturudisha kwenye barafu ya ubuyu. Kichupa kilichoyeyuka bila kuchanganywa huwa na maji mepesi juu na majimaji mazito chini. Anayevuta tone la juu atapata namba ndogo na kutangaza kwamba sampuli imeharibika, kumbe haikuharibika, ila haikuchanganywa. Kuchanganya hufanywa kwa kupindua kichupa taratibu mara kadhaa, bila kukitikisa hadi kitoe povu.

Jaribio la kutikisa chanjo

Upimaji huu haukomei katika maabara kubwa. Muuguzi wa zahanati anaufanya juu ya meza, naye mwalimu anaweza kumwomba aje kuwaeleza watoto. Chanjo kadhaa, zikiwemo zile za dondakoo, pepopunda na kifaduro, zina chembechembe za chumvi ya alumini ambazo huiongezea chanjo nguvu. Chanjo hizi hutunzwa baina ya nyuzi 2 na 8 juu ya sifuri, na zikiganda huharibika. Chembechembe hushikana na kuwa mabonge, na chanjo haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana ya kawaida.

Muuguzi anapokuwa na wasiwasi kwamba chanjo ziliganda njiani, huchukua chupa moja ya aina ile ile, ya mtengenezaji yule yule na toleo lile lile, akaiandika kwamba isitumike, na kuigandisha kwa makusudi usiku kucha hadi iwe barafu tupu. Kisha huiacha iyeyuke. Chupa hiyo iliyoharibiwa kwa makusudi na ile inayoshukiwa hushikwa pamoja mkononi, hutikiswa sekunde 10 hadi 15, na kuwekwa ubavu kwa ubavu mezani kwa muda usiozidi dakika 30. Katika chupa iliyoganda mashapo hushuka upesi. Ikiwa ile inayoshukiwa inashuka polepole zaidi kuliko mwenzake, haikuganda, na mtoto aweza kuchanjwa. Ikiwa inashuka sawasawa au upesi zaidi, hutupwa.

Mwalimu na awaonyeshe wanafunzi kwamba muuguzi amepoteza chupa moja nzuri kwa kutaka. Chupa hiyo ndiyo iliyompa jicho. Bila ya kuwa nayo, angetazama mashapo yakishuka na asijue kama huko ni upesi au ni polepole.

Somo la hamira

Kamwe mwalimu asitumie damu ya wanafunzi katika somo hili, hata tone moja. Hamira inatosha, nayo ni viumbe hai vilivyolala. Ikiamshwa kwa maji ya vuguvugu na sukari hutoa hewa inayoumua unga, na kuumuka huko hupimwa kwa rula. Tuna basi sampuli hai, isiyo na hatari, inayotoa namba.

Jumatatu mchana, kikundi cha wanafunzi kiamshe vijiko 3 vidogo vya hamira ya chenga katika kikombe cha maji ya vuguvugu chenye kijiko kimoja cha sukari, mpaka povu lianze kuonekana. Wakoroge vizuri na kumimina sawasawa katika vichupa vinne vya plastiki, wakiacha nafasi juu, kwa sababu ya zile asilimia 9, na bila kukaza vifuniko, kwa sababu ya hewa. Vichupa viandikwe A, B, C na D. Vitatu vya kwanza viende katika friza. D ikae sehemu ya chini ya friji, isiganda. Hamira iliyosalia katika pakiti ifungwe na kuwekwa kabatini. Mahali pasipokuwa na friza shuleni, muuza barafu wa jirani huwa hakatai kutunza kifuko cha watoto kwa wiki moja. Pasipokuwa na umeme kabisa, barafu ya kununua ikipondwa na kuchanganywa na chumvi, mafungu matatu kwa moja, hushuka nyuzi nyingi chini ya sifuri na kugandisha kichupa kidogo; hata hivyo kazi hiyo inataka subira na barafu nyingi.

Jumanne na Jumatano, C itolewe, iyeyuke mezani, irudishwe. Alhamisi, B na C zifanyiwe hivyo hivyo. Kila C inapokuwa mezani, D nayo iwe mezani, kwa muda ule ule. Ijumaa zote zitolewe. A itakuwa imeyeyushwa mara 1, B mara 2, C mara 4. D haikuganda hata mara moja, lakini imeonja joto la chumba kila C ilipolionja. Faida yake itaonekana hivi punde.

Ijumaa hiyo hiyo hamira mpya ya pakiti iamshwe kwa kipimo kile kile na kuitwa E. Hii ndiyo mia kwa mia yetu. Hamira kavu ni imara, kwa hiyo twaweza kuiamini kwamba ni ile ile ya Jumatatu, na kwa njia hii tunapima vyote siku moja, kama wafanyavyo watu wa maabara. Katika bilauri zilizonyooka na zilizo sawa, wanafunzi waweke vijiko 6 vya unga wa ngano na vijiko 4 vya hamira ya kila kichupa, wakikipindua kichupa kwanza. Kila herufi ipate bilauri mbili. Usawa wa mwanzo upigwe mstari kwa kalamu, na kimo kisomwe kila baada ya dakika 15 hadi saa moja na nusu itimie. Bilauri zote zikae mahali pamoja. Ile itakayowekwa dirishani penye jua itaharibu hesabu za wote.

Kabla ya kupima, mwalimu aulize: "Tofauti ya kiasi gani tutaiita badiliko?" Darasa lijadiliane na jibu liandikwe ubaoni, lisifutwe. Watoto wengi hupendekeza tofauti yoyote ile, hata ya nusu sentimeta. Mwalimu asiwakatalie. Angoje mpaka bilauri mbili za herufi moja zipimwe na kuonekana hazilingani, ndipo warudi wenyewe ubaoni kujadili upya.

Hesabu ni ya asilimia, na inafaa kufundishwa papo hapo. Tuseme kwa mfano E imepanda sentimeta 6 na C sentimeta 3. Basi C imebakiwa na 3 gawanya kwa 6 mara 100, yaani asilimia 50. Mwalimu asiwape watoto namba za kutarajia. Hamira hutofautiana, friza hutofautiana, na ni afadhali darasa lipate jibu lake lenye mashaka kuliko langu lililonyooka.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: "Je, C imedhoofika kwa sababu ya kuganda, au kwa sababu ya kukaa mezani mara nyingi ikila sukari yake?" Asipotokea wa kuuliza, mwalimu aulize yeye. Hapo ndipo D inapoitwa kutoa ushahidi. Kama D nayo imeshuka sawa na C, hatuwezi kulaumu barafu. Kama D imebaki karibu na E na C imeshuka, barafu ina kesi ya kujibu. Nimeona wanachuo wakiiacha D ili kupunguza bilauri. Wapunguze B, si D.

Jambo moja zaidi la kufanywa wiki hiyo, nalo ni rahisi kuliko yote. Kikombe cha maji kigandishwe, na sarafu iwekwe juu ya barafu yake, kisha kikae friza pamoja na vichupa. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, vichupa vitaganda upya na hakuna atakayejua. Lakini sarafu itakuwa imezama. Ikikutwa chini ya kikombe, jaribio la wiki hiyo lina yeyusho moja lisiloandikwa, nalo liandikwe.

Darasa likiwa na hamu, wiki inayofuata liweke katika friza kijiko cha hamira kavu, iliyofungwa vizuri isiingie unyevu, kando ya kichupa kipya cha C, na vyote vitolewe na kurudishwa mara nne. Watoto watabiri kwanza. Ile kavu haina maji ya kufanya fuwele ndani yake, na hali kama hiyo ndiyo sababu chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu hutengenezwa zikiwa unga mkavu, zikichanganywa na maji yake wakati wa kuchanja tu. Zikiisha kuchanganywa, zilizobaki baada ya saa 6 hutupwa. Bilauri za wiki ya kwanza zioshwe siku hiyo hiyo, kabla unga haujakauka.